Kipande, Cheti na Kura: Karatasi Zilizomtangulia Mpiga Kura wa Kenya

Tangu uchaguzi ulipoanza katika nchi ya Kenya, Mwafrika hakupata kulifikia sanduku la kura kwa miguu yake tu. Ilikuwa sharti karatasi imtangulie, na kabla ya karatasi hiyo palikuwa na meza, na nyuma ya meza alikaa mtu aliyepewa mamlaka ya kuamua ni nani ajulikanaye na ni nani asiyejulikana. Wanaoandika taarikhi ya siasa zetu aghalabu huanza na vyama, wakaja kwa viongozi, wakamalizia kwa hesabu za kura, na meza ile wakaiacha kando kana kwamba haikuwako. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011 yasema kwa maneno machache kwamba raia atajiandikisha kwa kitambulisho cha taifa au kwa pasipoti, na siku ya kupiga kura ataonyesha hati ileile aliyojiandikishia. Walakini nyuma ya maneno hayo machache mna mambo ya zaidi ya miaka 100, na asiyeyajua hawezi kufahamu kwa nini, chini ya katiba moja na bendera moja, kijana wa Nyeri hukipata kitambulisho chake kama jambo la kawaida, ilhali kijana wa Garissa, au wa Kibera mwenye jina la Kinubi, amekihangaikia miezi hata miaka.

Karatasi ya kwanza haikuwa na nia yoyote ya kura. Sheria ya Kuandikisha Wenyeji ilitungwa mwaka 1915, vita vya Wajerumani vikaichelewesha, na vilipokwisha ikaanza kutumika, kati ya mwaka 1919 na 1920. Nayo ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 awe na kipande. Humo mliandikwa jina lake, kabila lake na wilaya yake, zikapigwa alama za vidole vyake, kisha zikaachwa nafasi za mwajiri kujaza: siku aliyomwandika kazi, kazi gani, mshahara kiasi gani, siku aliyomwachisha, na sahihi yake mwenyewe. Hati hiyo ilikunjwa ikatiwa katika kibati, kibati kikatiwa kamba, na kamba ikavaliwa shingoni, hata waliokivaa wakalalamika kwamba wamefungwa njuga mithili ya mbuzi. Na hiyo sahihi ya mwisho, sahihi ya kumwachilia mtu kazini, ndiyo iliyokuwa roho ya jambo lote, maana aliyeondoka shambani kwa mlowezi bila ya kuipata alihesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Polisi walimsaka kwa alama za vidole zilizowekwa Nairobi, na aliyekutwa njiani hana kipande alitozwa faini au alifungwa.

Kwa hiyo kipande kilimjulisha mtu kwa bwana wake, wala hakikumjulisha kwa dola kama mwenye haki ndani yake. Naomba msomaji azishike tofauti hizi mbili, maana hati ya kumtambulisha mtu yaweza kutengenezwa ili adai, na yaweza kutengenezwa ili adaiwe, na yetu ilizaliwa kwa nia hii ya pili.

Harry Thuku, karani wa simu katika ofisi ya hazina mjini Nairobi, aliyashika malalamiko ya kipande, ya kodi na ya mishahara iliyopunguzwa akayafanya kuwa hoja moja mwaka 1921, akayanena katika mikutano iliyowakusanya watu wa makabila mbalimbali. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi, mwanamke mmoja kwa jina Muthoni Nyanjiru akawashutumu wanaume kwa kusitasita kwao, risasi zikapigwa, wakafa watu 21 kwa hesabu ya serikali, na zaidi ya hao kwa hesabu ya wengineo. Thuku akahamishiwa Kismayu. Kipande kikabaki palepale shingoni kwa miaka mingine 25.

Wakati huohuo walowezi wa Kizungu walikwisha kupewa kura. Mwaka 1920 waliwachagua wajumbe wao 11 wa Baraza la Kutunga Sheria, na ili kupiga kura hizo hawakutakiwa kutia kidole katika wino. Wahindi waligombania daftari moja la wapiga kura wote, wakapewa daftari lao peke yao. Waarabu wa pwani wakapewa kiti chao. Na Waafrika, waliokuwa wengi kuliko hao wote wakijumlishwa, waliwakilishwa na wamisionari walioteuliwa na Gavana, hadi Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944 kuwa Mwafrika wa kwanza katika baraza hilo.

Hapa sina budi kukaa kidogo na jambo la Mombasa, kwa sababu bara halijulikani sana, na kwa sababu laonyesha kwamba mtu aweza kunyimwa kura hata pasipo kunyimwa karatasi, ikiwa karatasi yenyewe yamwita kwa jina lisilo lake. Thenashara Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe kwa upande mmoja, na Wamvita na wenzao wa Taifa Tisa kwa upande wa pili, ndio ahali wa mji ule, walioujenga kabla ya Mazrui kutawala na kabla ya Busaidi kuja. Walikuwa na masheikh wao, mashairi yao, mashamba yao ya bara na vyombo vyao baharini. Lakini sheria ya Mwingereza ilikuwa na masanduku machache tu ya kuwatilia watu, na katika masanduku hayo mtu alikuwa ama mwenyeji ama asiye mwenyeji. Na kwa kuwa Mwarabu alihesabiwa si mwenyeji, naye Mswahili wa Thenashara Taifa alihesabiwa mwenyeji, kura ya kumchagua mjumbe wa Waarabu ilimfikia Mwarabu na kumpita Mswahili. Wawili waliosimama safu moja msikitini, waliosoma chuo kimoja kwa mwalimu mmoja, na pengine waliooana, siku ya uchaguzi walitengana mlangoni. Wazee wa Thenashara Taifa hawakunyamaza: mwaka 1927 waliunda jumuiya yao, wakaandika barua juu ya barua, wakatoa ithibati ya nasaba zao na usuli wao, wakazungushwa baina ya ofisi na ofisi, na hawakukubaliwa katika daftari lile hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wako wasemao kwamba Waswahili walikosea kuipigania haki hiyo kwa kudai Uarabu badala ya kuudai Uafrika. Pengine ni kweli, lakini ni wepesi kumlaumu mtu kwa mlango alioingilia pale ambapo mlango mwingine haukuwako.

Kipande kilifutwa kwa Sheria ya Kuandikisha Watu ya mwaka 1947, iliyoamuru wanaume wa kila kaumu, Mzungu, Mhindi, Mwarabu na Mwafrika, waandikishwe kwa namna moja. Na kwa kuwa namna moja ilikuwa na maana ya alama za vidole, walowezi walihamaki. Wao waliokaa kimya kwa miaka 25 huku vidole vya watumishi wao vikipakwa wino, ghafla waligundua kwamba alama za vidole ni jambo la wahalifu na kwamba muungwana hafanyiwi hivyo. Zikapigwa kelele nyingi mno, hata serikali ikaunda tume chini ya Sir Bertrand Glancy, nayo ikapendekeza mwaka 1950 kwamba mwenye kujua kuandika aweze kuleta picha na sahihi badala ya vidole. Mapendekezo hayo si mabaya kwa dhati yake. Lakini ni vigumu kuyasoma bila ya kukumbuka kwamba dhulma ilipomgusa mwenye kura ilipatiwa tume kwa muda mfupi, na ilipomgusa asiye na kura ilipatiwa risasi.

Basi tukafika mwaka 1957, na huo ndio mwaka ninaouona kuwa kitovu cha taarikhi hii. Nchi ilikuwa bado katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, kambi za kizuizi zimejaa, na serikali, ikitaka kuonyesha kwamba iko njia nyingine isiyokuwa ya vita vya Mau Mau msituni, ilikubali Waafrika wachague wajumbe wao wenyewe. Walter Coutts alipewa kazi ya kupanga namna yake, naye akashauri kura isiwe ya kila mtu mzima, bali iwe ya mwenye sifa: elimu ya kiwango fulani, au mapato ya pauni 120 kwa mwaka, au mali ya thamani ya pauni 500, au utumishi wa muda mrefu serikalini au jeshini, na mfano wa hayo, na mwenye kujumlisha sifa kadhaa aliweza kupewa kura mbili, hata tatu, katika uchaguzi mmoja. Mwalimu mwenye shahada na mali akatumbukiza kura tatu, jirani yake aliyelima jasho likimtoka asitumbukize hata moja.

Lakini kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru sifa hizo zote hazikutosha. Wao walitakiwa fauka ya hayo kuleta cheti cha utiifu, yaani hati iliyoshuhudia kwamba mwenye nayo aliisaidia serikali kwa vitendo dhidi ya Mau Mau, na kukaa pembeni tu bila ya kuisaidia hakukuhesabiwa kuwa utiifu. Cheti hicho hakikutolewa na karani wa uchaguzi, kilitolewa na utawala: Bwana DC, yaani mkuu wa wilaya, na watu wake, kwa neno la machifu na la waliokuwa walinzi wa nyumbani, watu ambao baina yao na wanaoomba kulikuwa na visa vya damu, vya mashamba na vya ndoa, na ambao hakuna aliyewauliza sababu za kusema ndiyo au la. Cheti hichohicho kilimfungulia mwenye nacho milango mingine pia, ya kusafiri na ya kufanya biashara, hata kura ikawa ni tuzo moja miongoni mwa tuzo za utiifu, wala si haki.

Matokeo yake yalionekana wazi. Waafrika walioandikishwa nchi nzima walikuwa takribani 126,000. Katika Jimbo la Kati, Wakikuyu waliokuwa wengi kwa idadi walikuwa wachache katika daftari, na Wameru, ambao vita vya msituni viliwagusa kwa kiasi kidogo na kwa hiyo vyeti viliwafikia kwa wingi zaidi, wakawa ndio wenye uzito. Eliud Mathu, aliyekuwa katika baraza lile tangu mwaka 1944, mtu aliyesoma Balliol na aliyejulikana kuliko Mwafrika yeyote barazani humo, alishindwa na Bernard Mate wa Meru. Sisemi kwamba Mate hakustahili. Alikuwa mwalimu msomi, naye alikuja kushika wizara. Nasema kwamba kabla ya sanduku moja kufunguliwa mwezi Machi, ofisi za wilaya zilikwisha kupanga mizani kwa kugawa vyeti, na hakuna haja ya kuiba kura za watu ambao wamekwisha kuzuiwa kuzipiga. Wajumbe 8 waliopatikana, miongoni mwao Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro, Daniel arap Moi na Ronald Ngala wa Pwani, waliwashangaza waliopanga mambo hayo, kwani mara tu walipoingia barazani waliukataa utaratibu uliowachagua na wakakataa kushika vyeo vya uwaziri.

Visiwani nako, mwaka huohuo wa 1957, mwezi Julai, ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa Unguja na Pemba, na huko swali lilivaa kanzu nyingine: mpiga kura alitakiwa awe raia wa Sultani. Watu wengi wa mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, waliokuwa na asili ya bara walipingwa majina yao katika daftari, na mgombea wao mwenyewe, Abeid Amani Karume, alipingwa kwa madai kwamba hakuzaliwa Unguja, hata shauri likasikilizwa. Akathibitishwa kuwa ni mzaliwa wa pale, kisha akakishinda kiti cha Ng'ambo dhidi ya Ali Muhsin. Athari ya swali hilo, la nani wa hapa na nani wa kuja, haikuishia katika uchaguzi ule wala katika mapinduzi ya 1964. Mwaka 2005 ilitungwa sheria ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, kitambulisho hicho kikaja kufanywa sharti la kuandikishwa katika daftari la wapiga kura, na mwaka 2009 uandikishaji katika sehemu za Pemba ulisimama kwa ugomvi wa waliosema kwamba masheha wanawanyima hati hiyo. Mambo hayo yahitaji makala yake peke yake, nami nayaacha hapo.

Turudi Kenya. Mwaka 1961 masharti yalilegezwa, mwenye kujua kusoma au kuandika lugha yake akakubaliwa, na aliyepita miaka 40 akakubaliwa, na mwenye mapato ya pauni 75 akakubaliwa. Na mwezi Mei 1963 kila mtu mzima akapiga kura, wanaume kwa wanawake. Ingefaa hadithi ikome hapo. Lakini uhuru uliirithi meza pamoja na viti vyake. Sheria ya mwaka 1947 iliendelea kuwaandikisha wanaume tu, kana kwamba mwanamke hana haja ya kujulikana na dola yake, hadi ilipobadilishwa mwaka 1978. Na baadaye, kitambulisho kilipokuwa ndicho ufunguo wa kila jambo, wanawake wa vijijini, hasa wajane na walioolewa mbali na kwao, walianza safari hiyo wakiwa nyuma kwa miaka 60.

Kisha kulikuwa na kadi ya chama tawala, KANU. Katika uteuzi wa mwaka 1988 wapiga kura walipanga mlolongo mchana kweupe nyuma ya picha ya mgombea, na mgombea aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amepita bila ya kupingwa. Na kwa kuwa kulikuwa na chama kimoja, na mlolongo ulikuwa wa wanachama, asiyekuwa na kadi ya chama alikuwa hana neno katika uchaguzi wa nchi yake. Vijana wa chama waliiulizia kadi hiyo hata sokoni na katika vituo vya mabasi. Mwaka uliofuata, 1989, Wasomali wa Kenya waliotimiza miaka 18 waliamriwa wote kufika mbele ya kamati za kuwachuja, wataje ukoo wao na wazee wao, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kubebwa pamoja na kitambulisho. Raia wa kabila moja akawa na hati mbili za kuthibitisha lile ambalo mwenziwe alithibitisha kwa moja, na wapo waliokosa zote mbili. Tena vyama vingi viliporudi na uchaguzi wa Desemba 1992 ukaitishwa, vijana wengi waliokuwa wametimiza umri hawakuandikishwa kwa sababu vitambulisho vyao havijatoka. Na katika nchi ambayo vijana walikuwa na hamu kubwa ya mabadiliko, kuchelewa huko hakukumdhuru aliyekuwa madarakani.

Msomaji aliyepata kitambulisho chake kwa wiki chache huenda asijue jinsi mambo yalivyokwenda kwa mwingine. Aombaye kwa mara ya kwanza hutakiwa kuleta cheti cha kuzaliwa au cha shule, nakala za vitambulisho vya wazazi, na ushahidi wa chifu au naibu wake. Hayo ni ya kila mtu. Lakini mwenye kutoka mpakani, au Mnubi wa Kibera ambaye babu zake waliletwa kutoka Sudani wakiwa askari wa Mwingereza, au Mswahili na Mwarabu wa Mombasa, Lamu na Malindi, na kwa jumla mwenye jina la Kiislamu katika sehemu nyingi za nchi, aliambiwa kwa miaka mingi asubiri siku ya kupigwa msasa. Kamati ya wazee na maofisa ilikaa. Siku yenyewe ilikuja mara moja baada ya muda mrefu, na asiyekuwa na nauli siku hiyo alingojea mwezi mwingine. Aliulizwa kitambulisho cha babu, aliulizwa jina la kijiji alikotoka babu wa babu, na pengine aliulizwa lugha ambayo kizazi chake hakikufundishwa. Alipopita, alipewa kikaratasi cha kungojea, nacho hakimwandikishi mtu katika daftari la wapiga kura. Na tarehe ya mwisho ya kujiandikisha haimsubiri yeyote. Hakuna kifungu cha sheria kilichomnyima mtu huyo kura. Kila ofisa aliyeshika faili lake atasema, na atasema kweli, kwamba yeye hakumzuia mtu kupiga kura.

Wamakonde wa Kwale ndio walioifungua siri hiyo mbele ya nchi nzima. Wazee wao walitoka Msumbiji, wengine kwa kupitia Tanganyika, zama za ukoloni, wakaja kukata mkonge na kulima miwa ya Ramisi. Wakabaki, wakazaa, wakachonga vinyago vinavyouzwa kwa watalii katika fukwe za Diani, na Kenya ilipopata uhuru haikuwahesabu. Asiye na kitambulisho hawezi kufungua akaunti benki, hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, hawezi kuajiriwa kazi ya maana, na kura kwake ni jambo la kusikia redioni. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 iliwafungulia mlango watu waliokuwako Kenya kabla ya tarehe 12 Desemba 1963 na wasiokuwa na uraia wa nchi yoyote, lakini iliweka muda wa miaka 5. Miaka hiyo ikapita na meza imefungwa. Ndipo Oktoba 2016 mamia yao, wazee na vijana, na wanawake pia, walifunga safari kutoka Kwale kwenda Nairobi kwa nia ya kutembea kwa miguu, polisi wakajaribu kuwazuia njiani, wasizuilike, wakafika Ikulu. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea na kuamuru wapewe vitambulisho kabla ya Desemba. Mapema mwaka 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya, na Agosti ya mwaka huo, wazee waliozaliwa na kuzeeka katika ardhi ile walisimama katika foleni ya kura kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Baada yao walifuata Washona, na mwaka 2023 Wapemba wavuvi wa Kilifi na Kwale, watu ambao mashua zao zimevuka bahari ile tangu kabla ya kuchorwa mpaka wowote.

Furaha hiyo ilikuwa ya haki, lakini mimi naona kasoro ndani yake: kabila likitambuliwa kwa tamko la rais, karibu na uchaguzi au mbali nao, huonekana kama limepewa hiba, na aliyepewa hiba hudaiwa shukrani, na shukrani za maskini aghalabu hudaiwa kwa kura. Tunarudi hapo katika cheti cha mwaka 1957 kwa njia iliyopambwa vizuri zaidi.

Wako wanaosema, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwamba bila ya kitambulisho madhubuti uchaguzi hugeuka karamu ya wezi. Baada ya maafa ya uchaguzi wa 2007, tume ya Jaji Johann Kriegler ilikadiria kwamba katika daftari mlikuwa na majina ya wafu wapatao milioni 1.2, na kwamba uozo wa daftari hilo ulirahisisha ghiliba. Kadi za kupigia kura zilikuwa zikinunuliwa hadharani, si ili zitumike, bali ili mwenye nazo asiweze kupiga kura. Kwa sababu hiyo daftari jipya lilianzishwa mwaka 2012, likapokea alama za vidole na picha, likawaandikisha watu milioni 14 na ushei, na kadi ya kura ikaondolewa kabisa. Siku ya uchaguzi wa Machi 2013 mitambo ya kutambua vidole ilizimika katika vituo vingi, betri zikaisha, wasimamizi wakarudi kwenye daftari la karatasi. Kuanzia 2017 kilikuja kifaa kingine, kilicho imara zaidi. Na hata hicho, mkulima aliyeshika jembe miaka 50, au mama aliyepasua kokoto, alama za vidole vyake zimelika, kifaa kikimkataa mara mbili tatu karani huandika nambari ya kitambulisho chake, na mambo yakaendelea. Utaratibu huo wa pili umewaokoa wengi, na ni dalili kwamba tahadhari na haki vyaweza kukaa nyumba moja, mradi mtunga kanuni amfikirie yule ambaye mtambo hautamsoma.

Kwa hiyo sina ugomvi na kitambulisho. Ugomvi wangu ni na kufanya hati iliyo mikononi mwa ofisi moja kuwa ufunguo wa haki iliyo katika Katiba, bila ya kuipa ofisi hiyo muda wa mwisho wala dhima. Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 83 imesema kwamba mipango ya kuandikisha wapiga kura itarahisisha, wala haitamnyima, raia anayestahili haki yake ya kupiga kura. Wapiga kura milioni 22.1 walioandikishwa kwa uchaguzi wa 2022 ni wengi, lakini tume ya uchaguzi huwahesabu waliofika kwake, na walioishia kwa msajili wa vitambulisho hawamo katika hesabu yake wala ya mtu mwingine. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kuondolewa kwa msasa huo kwa watu wa kaunti za mpakani. Ni jambo jema lililochelewa. Lakini tamko hufutwa na tamko, na wenye kuchujwa hawakuwa wa mpakani peke yao. La kudumu ni Bunge kuandika katika sheria ni siku ngapi msajili anazo, na kwamba zikipita, kikaratasi cha kungojea kitoshe kumwandikisha mtu kura.

Uchaguzi mkuu ujao, kwa mujibu wa Katiba, utakuwa Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027. Mwenye kijana nyumbani aliyetimiza miaka 18 asiye na kitambulisho, na ampeleke kwa msajili sasa, asingoje kelele za mwisho. Na kijana huyo akiambiwa arudi kesho, au aletewe swali ambalo mwenziwe hakuulizwa, aombe apewe sababu kwa maandishi, kwani kifungu cha 47 kimempa haki hiyo.